Mwarobaini, pareto na utupa kwenye shamba la miti: dawa inaua, ila je inamfikia mdudu?

Kila msimu wa kupanda miti ukikaribia huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania maswali huwa ni yale yale. Mtu kanunua miche yake ya milingoti (wengine mnaita mikaratusi), kaipanda vizuri, mvua imenyesha, baada ya wiki tatu anapita shambani anakuta mche mmoja umelegea, anaushika kidogo tu unakuja mkononi kama ulikua umechomekwa, anaangalia chini mizizi hamna, mchwa washamaliza. Hapo ndo anauliza, jamani kuna dawa yoyote ya asili? Na majibu yanamiminika, chemsha mwarobaini, loweka tumbaku, twanga pilipili kichaa, mwaga majivu, tafuta utupa, kila mtu na yake na kila mtu anaapa kwamba yake inafanya kazi.

Mimi nimezijaribu nyingi kati ya hizo, kwenye kitalu na shambani, na nimesoma kila nilichoweza kupata kuhusu hili jambo kwasababu miti ndio akiba yangu kama ilivyo kwa watu wengi wa Mufindi, Njombe na Makete. Nilichojifunza ni kwamba watu wanabishana juu ya kitu ambacho hakina ubishi. Dawa ya mmea inaua mdudu, hilo limeshathibitishwa miaka mingi. Kinachotakiwa kuulizwa ni kama hiyo dawa itamfikia huyo mdudu, na itakaa hapo muda gani kabla haijaisha nguvu. Ukilielewa hilo utajua mahali pa kuitumia na mahali ambapo utakua unamwaga maji na kupoteza jasho lako.

Tuanze na mmea wenyewe. Mmea hauna miguu, akija kiwavi hauwezi kukimbia wala kumpiga kofi, kwahiyo kwa mamilioni ya miaka mimea imejitengenezea sumu ndani ya majani, mbegu, magome na mizizi. Ule uchungu unaousikia ukitafuna jani la mwarobaini ni silaha, harufu ya jani la mlingoti ni silaha, hata karafuu ile tunayoweka kwenye pilau ina mafuta yanayovuruga mishipa ya fahamu ya wadudu. Sisi tunachofanya ni kuichukua ile silaha kwenye mmea mmoja na kuipeleka kwa mmea mwingine ambao hauna. Shida inaanzia hapo, maana mmea wa kwanza unaitengeneza sumu yake kila siku ndani ya mwili wake, na sisi tunaipaka kwa nje mara moja alafu jua linaanza kuila.

Mwarobaini ndio maarufu kuliko yote. Mwaka 1959 kule Sudan nzige walipita, na mtaalamu wa wadudu Mjerumani, Heinrich Schmutterer, akaona kitu cha ajabu, kila kilichokua kijani kimeliwa ila miarobaini imesimama na majani yake. Mwaka 1968 watafiti wa chuo kikuu cha Keele, Uingereza, wakaitoa ile kemikali yenyewe kwenye mbegu, ndo inaitwa azadiraktini. Umbo lake lilikua gumu kiasi kwamba walikuja kulijua sawasawa mwaka 1985, na kuitengeneza maabara kutoka mwanzo hadi mwisho kuliwachukua watu wa Cambridge miaka 22, wakafanikiwa 2007. Kitu ambacho mti wa uani kwako unakifanya kimya kimya kila msimu.

Sasa jinsi azadiraktini inavyofanya kazi ndipo watu wengi wanapoikosea. Haimuangushi mdudu hapo hapo. Kwanza inamkatisha hamu ya kula, anaonja jani anaacha. Pili inavuruga homoni za kukua, unajua kiwavi ili akue lazima ajivue gamba mara kadhaa, sasa akila azadiraktini ule mpango wa kujivua unaharibika, anakwama katikati, anakufa baada ya siku kadhaa au anabaki kilema asiyeweza kuzaa. Wadudu wazima wa aina nyingi wakiila hiyo dawa, mayai wanayotaga hayaanguliwi vizuri. Kwahiyo mtu akipiga dawa jioni, asubuhi akaenda akakuta viwavi bado wapo hai anasema hii kitu ni uongo, wakati pengine wameshaacha kula na baada ya siku nne tano wataanguka. Angalia uharibifu mpya kwenye majani, usihesabu mizoga.

Pareto ni kinyume chake kabisa, hiyo inapiga kama ngumi. Ni ua jeupe lenye katikati ya njano, asili yake Dalmatia huko pwani ya bahari ya Adriatiki, lakini karne iliyopita Kenya ikawa ndio mzalishaji mkubwa duniani, na Tanzania tunalima kwenye nyanda za juu maana ua linataka baridi. Kiwanda cha kukamua kipo Mafinga, mji ule ule ambao ukitoka kidogo tu unaingia kwenye shamba la miti la Sao Hill, ambalo ndo kubwa kuliko yote ya serikali nchini. Yaani ua linaloua wadudu na msitu wenye wadudu ni majirani. Ndani ya ua kuna kemikali sita zinazoitwa piretrini, zinaingia kwenye neva za mdudu na kuacha milango ya sodiamu wazi, neva inapiga kelele bila kunyamaza, mdudu anatetemeka na kuanguka ndani ya dakika chache. Ila wadudu wengine huzinduka, miili yao inaivunja ile sumu haraka, ndiyo maana viwandani huongeza kitu kingine kinaitwa piperonili butoksidi, chenyewe sio cha kuua ila kinauzuia mwili wa mdudu usijitibu.

Na hapa niseme kitu ambacho kimewachanganya wengi. Pareto na permetrini havifanani. Permetrini na ndugu zake deltametrini na sipametrini ni nakala za kiwandani, mwanasayansi Michael Elliott na wenzake pale Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, waliichukua picha ya piretrini wakaibadilisha ili isiharibike kwenye jua, permetrini ikatoka 1973. Kwahiyo ukiona dawa inaitwa ya pareto alafu inakaa kwenye majani wiki mbili bado inaua, hiyo sio pareto ya ua. Mimi mwenyewe kuna mwaka niliuziwa chupa imeandikwa dawa ya asili asilimia mia, haina jina la kilichomo, haina namba ya usajili, nikapiga kwenye uzio wangu wa saipresi, wadudu wakaanguka haraka sana na siku kumi baadae nyuki waliokua wanapita hapo walikua bado wanaanguka chini. Ua la pareto lingekua limeshaisha nguvu siku ya pili. Sikuweza kujua kilichokua kwenye ile chupa na iliniuma, maana mizinga ya jirani yangu iko mita mia mbili tu kutoka hapo.

Utupa ndio wa tatu. Watu wa ziwani na mitoni wanaujua kwa sababu nyingine, wanautwanga na kuutupa kwenye maji samaki wanaelea, jambo ambalo sheria ya uvuvi inakataza. Ndani yake kuna rotenoni na ndugu yake deguelini, hizi zinaenda mpaka ndani ya seli kwenye mitokondria, ile mitambo midogo inayotengeneza nguvu za mwili, zinauzima mtambo. Mdudu anaacha kula, anazubaa, anakufa taratibu. Ni mmea wa kunde, unarutubisha udongo, unaota vizuri hata kwenye baridi ya huku kwetu ambako mwarobaini haukubali, maana mwarobaini ni mti wa Pwani, Dodoma, Tabora na kule kwenye joto. Mtu wa Mufindi anayeambiwa atumie mwarobaini anaambiwa asafirishe mbegu kutoka mbali, wakati utupa anaweza kuupanda kuzunguka kitalu chake.

Haya, sasa twende msituni.

Dawa hizi nyingi zimejaribiwa kwenye maharage, kunde, kabichi, mahindi ya ghalani. Huko zinafanya vizuri kweli, kuna majaribio yamefanyika kaskazini mwa Tanzania, utupa, alizeti pori na mingine ilikaribiana na dawa za dukani kwenye mavuno na wadudu rafiki kama buibui wakabaki wengi zaidi. Mtu akisoma hivyo anasema basi na kwenye miti itakua hivyo hivyo. Lakini hebu tupige hesabu pamoja. Ekari mbili na nusu, yaani hekta moja, ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 unapata miti 1,111. Tuseme miti imefika mita nane na kila mti unataka lita 5 tu ili majani yalowe, ambayo ni kidogo sana, hizo ni lita 5,555. Kipimo cha kawaida cha mwarobaini ni gramu 50 za kiini cha mbegu kwa lita moja ya maji. Kwahiyo unahitaji kilo 278 hivi za kiini, kwa hekta moja, kwa kupiga mara moja, alafu baada ya wiki jua limeshaila unatakiwa urudie. Mwarobaini mkubwa mmoja unatoa matunda kilo 30 hadi 50 kwa mwaka, na kiini ni sehemu ndogo tu ya tunda. Na bado hatujajibu utafikaje huko juu, bomba la mgongoni linarusha mita mbili tatu basi.

Tatizo la pili ni kwamba wadudu wabaya wa miti wengi wamejificha. Chukua yule nyigu mdogo wa milingoti, Leptocybe invasa, ambae aliingia Kenya na Uganda mwaka 2002 na baadae kwetu. Ana urefu wa milimita moja na kitu, mweusi mweusi, ukimuona utadhani ni vumbi. Anataga ndani ya mshipa wa katikati wa jani changa au kwenye kikonyo, jani linavimba linatengeneza vinundu, mwanzo vya kijani, baadae vinakua vya rangi ya waridi vinang'aa. Nilishawahi kukipasua kinundu kimoja kwa wembe, ndani kuna kichumba kidogo na mtoto wa nyigu mweupe amejikunja humo, amezungukwa na nyama ya jani kila upande, analishwa na kulindwa na mti wenyewe. Unapiga dawa ya kugusa nje ya jani, yeye yuko ndani ya nyumba kafunga mlango. Hali ni hiyo hiyo kwa kiwavi wa mkangazi, Hypsipyla robusta, ambae anatoboa kichipukizi cha juu na kuingia ndani, mti unabaki na matawi matatu manne badala ya shina moja lililonyooka la kutoa mbao. Na hapa kuna kitu kinanishangaza kila nikifikiria, mkangazi na mwarobaini ni ukoo mmoja, yaani huyo kiwavi amezoea kula jamaa za mwarobaini.

Wapo wanaokaa nje, mfano vidukari wa saipresi. Hao waliingia Malawi 1986, Tanzania 1988, Kenya 1990, na waliokuwepo wanakumbuka jinsi uzio na mashamba ya saipresi yalivyogeuka rangi ya kahawia kama yamepitiwa na moto, na mitarakwa ya asili nayo ikashambuliwa. Kidukari anakaa kwenye gome la matawi, ananyonya, mate yake yana sumu, tawi linakauka kuanzia ndani kuja nje. Huyu ukimpiga pareto yenye sabuni anakufa, nimefanya kwenye uzio wangu na inafanya kazi, uzio una urefu wa mtu naufikia wote. Kwenye shamba la hekta mia mbili haiwezekani, na ndio maana kule walichofanya ni kuleta adui yake, nyigu mdogo aitwae Pauesia juniperorum anaetaga ndani ya kidukari, wakaanza kumuachia Malawi miaka ya tisini. Kwa yule wa milingoti pia Afrika Kusini waliachia nyigu mwingine, Selitrichodes neseri, mwaka 2012. Nyigu wa namna hiyo anaruka mwenyewe, anatafuta mwenyewe, anazaana mwenyewe, dawa ya kwenye ndoo haiwezi kufanya hata kimoja.

Lakini kuna mahali wameweza kuufikisha mwarobaini kwa mdudu aliyejificha ndani ya mti, na hiyo habari inafundisha sana. Mwaka 2002 Marekani na Kanada waligundua mdudu wa kijani anayeng'aa kutoka Asia, Agrilus planipennis, anashambulia miti yao iitwayo ash. Mdudu mzima anakula majani kidogo hana shida, watoto wake ndio wanachimba chini ya gome wanakata njia za chakula mpaka mti unakufa, mamilioni na mamilioni ya miti imekufa. Wakanada wakatengeneza dawa ya azadiraktini, TreeAzin, na badala ya kuipuliza wanatoboa matundu madogo kwenye shina karibu na ardhi wanaidunga ndani. Mti wenyewe unaipandisha pamoja na maji mpaka kwenye matawi na majani, jua halioni, mvua haioshi, mtoto wa mdudu akitafuna anaimeza. Wanarudia kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Yaani wameurudisha ule utaratibu wa mwanzo niliousema, sumu ikae ndani ya mwili wa mti.

Ila angalia wanaidunga wapi. Kwenye miti ya barabarani, ya bustani, ya shuleni, mmoja mmoja, kila mti unapimwa unene wake ndo dozi inahesabiwa. Msituni hawadungi, gharama haibebeki hata kwao, huko nako wameachia nyigu. Kama nchi tajiri kama ile imeona mwarobaini wa sindano ni wa miti ya thamani na sio wa msitu mzima, mtu mwenye ekari kumi za milingoti na bomba la lita 15 asijilaumu kwamba hajui kuchanganya.

Kwahiyo wapi inafaa? Kitaluni. Hapo ndipo ningependa kila mtu aweke nguvu zake. Miche imekaa pamoja kwenye viriba, iko chini ya goti, chini ya kivuli, unaiona yote, maji yako karibu. Miche 2,000 unaimaliza kwa bomba moja la lita 15, na hiyo ni gramu 750 za kiini cha mwarobaini, kitu ambacho mtu anapata kwenye mfuko mmoja wa mbegu alizookota. Vidukari, viwavi wanaokata majani machanga, panzi, hao wote wako nje na wanafikika. Na kivuli cha kitalu kinaipa dawa siku kadhaa za ziada. Miche ikitoka hapo na afya ikapandwa mvua za mwanzo mwanzo, imeshavuka nusu ya hatari.

Ninavyotengeneza ni hivi. Matunda ya mwarobaini yaliyoiva njano yaliyoanguka unayaokota mapema, usiyaache chini wiki nzima, unatoa nyama, unaosha, unaanika kivulini penye upepo mpaka mbegu zikitikiswa zinagonga. Hapa ndipo wengi wanaharibu, wanazifunga kwenye mfuko wa nailoni zikiwa bado na unyevu zinaota ukungu, mbegu zenye ukungu tupa, ukungu mwingine una sumu ya kudhuru watu na nguvu ya dawa nayo inakua imeshuka. Siku ya kutumia unatwanga taratibu kwenye kinu ganda lipasuke, unapepeta kwenye ungo, alafu kiini unatwanga tena mpaka kinakua kama uji mzito wa kahawia na harufu inapanda, inafanana na kitunguu saumu kilichooza kidogo, mkono wa mchi unaanza kuteleza kwa mafuta. Gramu 500 kwa lita 10, unafunga kwenye kitambaa, unaloweka usiku kucha kwenye maji ya kawaida. Usichemshe, moto unaipunguza nguvu. Jioni inayofuata unakamua kitambaa, maji yanatoka meupe kama tui la pili, unaongeza sabuni kidogo tu, kipande cha sabuni ya mche kama ncha ya kidole gumba kilichoyeyushwa, ili dawa ishike kwenye jani maana majani ya milingoti yana nta maji yanateleza. Unachuja tena la sivyo pua ya bomba inaziba. Unapiga jioni jua likishapungua, chini ya majani na juu, na inayobaki usiiweke ya kesho, ni ya siku hiyo hiyo. Na ukitumia bomba hakikisha halijawahi kuwekwa dawa ya magugu, hilo limeua kitalu cha watu wengi.

Majani ya mwarobaini nayo yanafaa ila yana azadiraktini kidogo sana ukilinganisha na kiini, ndo maana wanaochemsha majani machache kwenye sufuria wanakuja kulalamika.

Turudi kwa mchwa, maana najua ndo wengi mnasubiri. Zamani watu walikua wanachanganya aldrini au dieldrini kwenye udongo wa viriba, mara moja tu, na inakaa miaka, mche unakua mpaka unajitegemea. Hizo sumu zilikua haziozi, zinaingia kwenye mafuta ya wanyama na ya watu, ndiyo maana zikawekwa kwenye mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa 2001, unaohusu sumu zisizooza, na zikaondolewa. Tangu hapo kila mtu anatafuta mbadala wa kuweka mara moja na kusahau, na dawa ya mmea haitakuja kuwa hivyo, kitu kile kile kinachoifanya iwe salama kwa mazingira, yaani kuoza haraka, ndicho kinachoifanya isidumu shimoni. Utupa au mashudu ya mwarobaini ukichanganya kwenye udongo wa shimo vinawafukuza mchwa kwa muda, wanapinda wanapita pembeni, malkia yuko chini huko hajaguswa. Huo muda mfupi una faida kama umeulenga vizuri, yaani wiki zile za mwanzo ambazo mche haujashika ardhi. Mchwa wanapenda mche uliodhoofika, uliopandwa mvua zikiwa zinaishia, uliojikunja mizizi kwenye kiriba kwasababu ulichelewa kutolewa. Mimi siku hizi naacha nyasi kavu na vijiti katikati ya mistari, mbali na shina, mchwa wapate cha kula, kabla nilikua nachoma kila kitu shamba linabaki jeupe, sasa chakula pekee kilichobaki kwao kikawa ni mche wangu.

Kuhusu usalama niseme wazi, asili haimaanishi haina madhara. Rotenoni na piretrini zinaua samaki kwa kiasi kidogo sana, kwahiyo usioshee bomba mtoni na usipige utupa kwenye bonde lenye bwawa la sato chini yake. Pareto inaua nyuki ikimgusa, piga jioni wakiwa wamerudi mzingani, na miti ikiwa na maua acha kabisa, milingoti yetu ndiyo inalisha mizinga ya watu. Na tumbaku, hii nawaomba sana, msiloweke tumbaku. Nikotini inapita kwenye ngozi, mtu anakoroga kwa mkono mtupu, maji yanavuja mgongoni kutoka kwenye bomba, jioni anatapika kichwa kinazunguka anadhani ni malaria. Ni moja ya sumu kali za mimea kwa binadamu, haifai kukaa kwenye ndoo ambayo kesho mtoto atachotea maji. Glavu na kitambaa cha puani vaa hata kwa mwarobaini. Dawa ya dukani iliyoandikwa ya asili iangalie namba ya usajili, kwa Tanzania ni TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) wanaosajili viuatilifu, Kenya ni PCPB (bodi yao ya viuatilifu), na hata za mimea zinapaswa kusajiliwa.

Kuna jambo la mwisho kuhusu utupa ambalo natamani ningelijua mapema. Utupa wote unafanana kwa macho lakini sio wote una sumu. Watafiti waliochunguza mimea ya wakulima Malawi walikuta aina mbili za kikemia ndani ya mmea ule ule, moja ina rotenoni na deguelini, nyingine haina kabisa na haiui wadudu. Mtu anaomba mbegu kwa jirani, anapanda msimu mzima, anatwanga, anapiga, hamna kitu, anasema utupa ni hadithi za wazee, kumbe kapewa aina isiyo na sumu. Walikuta pia kwamba sabuni kwenye maji ya kuloweka inasaidia kuitoa sumu kwenye majani, maana rotenoni haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu, kwahiyo kwa utupa sabuni weka tangu unaloweka, usisubiri mwishoni.

Nimeletewa mbegu za sehemu mbili tofauti mwaka huu, na nimezipanda kila moja na kibao chake pembeni ya kitalu. Majani yakikomaa ntachukua vitawi kumi na tano vya saipresi vyenye vidukari, vitano nitavipiga utupa wa kwanza, vitano utupa wa pili, vitano maji ya sabuni peke yake, alafu nahesabu vidukari walio hai siku ya kwanza, ya tatu na ya saba. Ule utakaoonyesha tofauti na sabuni tupu ndo nitauzungushia kitalu kizima, ule mwingine utabaki kuwa mbolea.